Murhula na Kebo ya Pili

Zamani, umeme ulipokatika Bukavu, watu walitoka nje kuulizana kumetokea nini. Siku hizi ni unapowaka ndipo wanapotoka.

Nilifanya kazi miaka ishirini na sita katika kituo kidogo cha umeme kando ya mto Ruzizi, upande wa Mumosho, kituo cha kampuni ambayo leo haipo tena hata kwa jina. Nilikuwa mkuu wa zamu. Shule kubwa sikuiona. Nilisoma vitabu vya mashine kwa Kifaransa, kamusi juu ya goti, na kuna kurasa zilizonichukua juma zima. Sasa nimezeeka, na naandika juu ya mtu mmoja tu, Murhula, fundi wetu wa makabati, kwa sababu tunaomkumbuka tumebaki wachache, na hao waliokuja baada yetu wanadhani kituo kilikuwa kikijiendesha chenyewe.

Murhula aliajiriwa kukata majani. Ndivyo alivyoingia. Mwaka 1987 walikuja Wazungu wawili na masanduku arobaini, kutubadilishia namna ya kuongoza mitambo. Kabla yao tulikuwa na meza moja kubwa yenye vishale na vifungo, na kila waya wa kituo ulikuja mpaka kwenye meza ile, waya zaidi ya mia nne, kama nywele za mtu asiyechana. Wale Wazungu wakasema hapana, akili isikae mahali pamoja. Wakaweka makabati manne ya chuma, kila moja karibu na kazi yake. La kwanza kwenye turbini ya kwanza, la pili kwenye turbini ya pili, la tatu nje kwenye uwanja wa transfoma. La nne waliliweka mbali, kilomita moja na nusu juu ya mto, pale maji yanapoingilia katika bomba letu kubwa.

Ndani ya kila kabati mlikuwa na kadi zilizopangwa wima kama vitabu. Kadi za kusikia zilipokea habari: joto la mafuta, kina cha maji, mwendo wa mtambo. Kadi za kuamuru zilifungua na kufunga. Katikati yao zilikaa kadi mbili za ubongo, pacha kabisa. Moja ilifanya kazi na nyingine iliitazama tu, na ile ya kwanza ikianguka ya pili ilishika kazi kabla hujafumba macho. Hata vyombo vya kulisha kabati umeme vilikuwa viwili. Kila kitu kiwili. Nilipomwuliza Mzungu mkubwa kwa nini, alisema kwa sababu watu wanasahau na vyuma vinachoka.

Na makabati yale yalizungumza. Kebo moja nene kama kidole kidogo ilipita kutoka kabati hadi kabati mpaka chumba chetu cha usimamizi, tulipokuwa na vioo viwili vyenye maandishi ya kijani. Yalizungumza kwa zamu. Kabati moja likimaliza kusema, lilimpa jirani ruhusa, naye akisema, akampa mwingine, hakuna aliyemkata mwenzake. Kwenye kila mwisho wa kebo kulikuwa na kizibo kidogo cha shaba kilichomeza sauti, ili maneno yasigonge mwisho yakarudi na kuvuruga mazungumzo. Siku hizi nikiwasikiliza watu redioni, wote wakisema kwa pamoja, nafikiria vile vizibo.

Kebo nazo zilikuwa mbili, A na B. A ilifuata bomba la maji. B ilipita njia yake, juu ya kilima, kwenye nguzo za simu, ili balaa la njia moja lisiikute njia nyingine. Aliyezivuta zote mbili alikuwa Murhula. Wazungu walihitaji watu wenye mabega, wakamchukua kutoka majanini, naye akavuta kilomita tatu za kebo kwa mikono yake, huku akiuliza. Kwa nini isikunjwe sana? Kwa nini isipite karibu na nyaya za nguvu? Kwa nini kizibo? Alikuwa na madarasa sita ya msingi aliyosomea Bagira na Kifaransa cha kanisani. Siku Wazungu walipoondoka, yule mkubwa alimpa bisibisi zake. Mimi, mkuu wa zamu, alinipa mkono.

Nilikasirika, sikatai. Kisha nilizoea. Huwezi kumkasirikia daima mtu anayeingia kazini kwa kugusa mlango wa kila kabati kwa kiganja, kama mama anavyogusa paji la mtoto. "Ya tatu iko na homa leo," angesema, na tulipofungua tulikuta kweli feni ndogo imekufa. Alisafisha kadi kwa brashi ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi. Koti la mvua lilibaki nje, hata lingekuwa la mkurugenzi. Na kila Alhamisi, saa nne asubuhi, alifanya ile kazi tuliyoiita kuvuka.

Kuvuka ilikuwa hivi. Juma hili tulitumia kebo A, juma lijalo B. Alhamisi Murhula alipiga simu kwenye kila kabati, mtu alisimama tayari, naye akageuza swichi. Vioo vilipepesa mara moja. Kisha sauti zilirudi moja moja kwenye simu: "Imevuka." "Imevuka." "Imevuka." Ile ya nne ilichelewa kidogo kwa sababu mlinzi wa kule juu alikuwa mzee na alipenda kumaliza kwanza kutafuna. Murhula aliandika katika kitabu, tukanywa chai. Vitabu vya Wazungu havikusema tuvuke. Vilisema mashine itavuka yenyewe siku ya ajali. Murhula alikataa. "Mutu hajue kama mguu wake wa kushoto ungali muzima mpaka aukanyagie," alisema, nasi tukavuka miaka kumi na mmoja bila kukosa Alhamisi, isipokuwa ile ya Oktoba 1996, vita ya kwanza ilipoingia mjini na sote tulikuwa porini.

Nakumbuka Bukavu ya siku zile. Lori la wafanyakazi lilitupakia Bagira saa kumi na mbili asubuhi, tukapita mjini taa za njiani zikiwa bado zinawaka, na Murhula akizihesabu. Moja ikiwa imezima alijisikia vibaya kama vile ametukanwa.

Agosti 1998 vita ya pili ikaja. Wahandisi waliotoka Kinshasa waliondoka juma la kwanza, wengine na viatu vya ndani. Tulibaki watu wanne: mimi, Murhula, na vijana wawili wa turbini ambao hawakuwa na pa kukimbilia. Wenye mji wa siku zile walituletea msimamizi, Monsieur Benoît, mtu wa ofisi, mwenye shati safi, asiyejua kutofautisha turbini na pampu. Hakuwa mbaya. Aliogopa tu, na mtu mwenye hofu husema ndiyo haraka.

Siku moja walikuja wanajeshi na mtu wao wa redio. Walihitaji kebo ya antena ya kambi yao juu ya kilima. Yule mtu wa redio alijua alichokitafuta. Alisimama chini ya nguzo akaonyesha kebo B kwa kidole.

"Chef, hii câble inafanya kazi gani?"

Lilikuwa juma la A. Nikajibu kama ilivyokuwa. "Kwa sasa haina kazi. Ile ingine njo inafanya."

Murhula alikuwa nyuma yangu. "Haina kazi leo," akasema. "Iko na kazi Alhamisi."

Monsieur Benoît alicheka, kicheko cha kuwapendeza wageni. "We Murhula, câble gani ya kufanya kazi siku moja? Hata padri anafanya kupita ile."

"Padri wa pili, Monsieur Benoît, munamuitaka siku wa kwanza iko mugonjwa. Haumufukuzi ju hakusoma misa leo."

Hata wanajeshi walicheka. Lakini mtu wa redio alipangusa jasho akasema, "Muzee, mi siombe padri. Niko naomba câble."

Benoît alinisogezea karatasi. Mkuu wa zamu ndiye aliyetakiwa kuandika kwamba kifaa hakitumiki. Ningeweza kusema lolote: kwamba kebo ile ina nguvu ya kuua mtu, kwamba nitauliza kwanza mjini. Nikaandika: kebo, mita mia sita, *hors service*. Nikatia sahihi. Murhula aliisoma kichwa chini miguu juu, kutoka upande wa pili wa meza.  Alienda kwenye miisho ya kebo, akafungua vile vichwa vya shaba vinavyoingia kwenye makabati, akavifunga katika kitambaa na kuviweka mfukoni. Kisha akachukua brashi yake.

Waya wa simu walituachia. Ulikuwa mwembamba, haukuwafaa.

Katikati ya Septemba, saa tisa mchana, wanajeshi na maadui zao walirushiana risasi kuvuka bonde, na bomu moja likaanguka ubavuni mwa bomba letu la maji. Bomba lilihimili. Kebo A iliungua mita kumi na mbili. Kwenye vioo kila namba iligeuka alama ya kuuliza, vioo vizima vikajaa kuuliza. Murhula alikimbia mpaka kabati la tatu, akaifunga kebo pale kwa kizibo ili maneno yasiendelee kwenda kwenye mwisho uliokatika, na namba za makabati matatu zikarudi. La nne likabaki linauliza.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo shida yote ilipokaa. Kabati lile la juu halikufa. Kila kabati lilikuwa na akili yake, hiyo ndiyo ilikuwa nia ya Wazungu. Liliendelea kufungua na kufunga mlango wa maji, likishika kina tulichokuwa tumeliagiza mara ya mwisho. Lakini hatukuliona, wala halikutusikia. Na Septemba mvua inaanza. Mto unaleta majani, chupa, migomba mizima, vinaziba wavu wa chuma mbele ya mlango. Wavu ukiziba, maji yanapungua ndani, hewa inaingia bombani, turbini zinasimama zote mbili. Na zikisimama, tulikuwa na betri zilizochoka, za kuwasha mara moja labda, au zisiwashe kabisa. Kwenye waya wetu kulikuwa na hospitali moja na pampu za maji za mitaa mitatu. Ilibidi mtu akae kule juu, asafishe wavu, asome kina, anipigie simu kila saa.

Vijana wa turbini walikataa, kwa sababu watu wenye silaha walipita njia ile kila siku. Siwalaumu. Nikamtazama Murhula.

"Siku mbili," nikamwambia. "Mpaka nipate mita kumi na mbili za kebo."

Alipofika alinipigia. Simu ile ilikuwa ya kuzungusha mkono, sauti ilitoka kama ndani ya mtungi. "Papa Chef, kabati inafanya kazi muzuri. Haijue ata kama sisi tulipotea."

Siku ya nane, mkewe Valérie alifika getini kwa miguu kutoka Bagira. Alikuwa na mtoto mgongoni, Maombi wa miaka sita akimshika kitenge, na sufuria kichwani. Alitua sufuria mbele yangu.

"Papa Chef, ulisema siku mbili. Nimehesabu munane. Kama bwana yangu ameoa ile mashine, unionyeshe njia, naenda kumusalimia muke mwenzangu."

Nilijaribu kumzuia. Akaniambia pia jambo la pili, bila utani. Mama yake alikuwa mgonjwa Sange, chini kule bondeni, na Valérie alikuwa mtoto wake wa pekee wa kike. Walikuwa wanangoja tu Murhula apate nafasi ili washuke wote, kwani peke yake na watoto wawili hakuthubutu ile barabara ya vizuizi.

"Nitakaa naye kule," akasema. "Siku kazi yako itaisha, tunashukia pale pale. Lakini wewe uko kando ya barabara, magari yote ya Sange yanapita hapa kwako. Habari ya mama ikifika, utanipigia?"

"Saa ile ile," nikasema.

Waliishi katika kijumba cha mlinzi, ambaye alikuwa amekimbia na vita. Majuma matatu. Nitasema jambo ambalo labda si zuri: yalikuwa majuma yangu ya mwisho ya furaha katika kazi. Kila saa simu ililia. Murhula akiwa kwenye wavu na reki yake ndefu, Valérie ndiye aliyesoma kina kwenye ubao.

"Mita mbili na nusu, Papa Chef. Na chumvi imeisha."

"Mita mbili na robo. Bwana yangu anasema turbine ya pili ipunguze kidogo, mugomba mukubwa umekuja. Mugomba na ndizi zake! Tunakula."

"Mita mbili na nusu. Murhula anaimba, unasikia? Katika korali ya Bagira walimuomba aimbe pole pole. Huku hakuna wa kumunyamazisha."

Niliongeza na kupunguza mitambo kwa maneno yao, bila kuona chochote, na taa za hospitali hazikupepesa. Kile kilichokuwa kinafanywa na kebo, sasa kilifanywa na familia moja, kwa zamu, kila mmoja akimaliza kusema ndipo mwingine aseme. Sikuwaza siku zile kwamba nimewapa kazi ya kebo niliyoitoa kwa sahihi yangu. Nimewaza baadaye. Nimekuwa na muda mwingi wa kuwaza.

Jumatano moja ya Oktoba, saa nane mchana, lori la mpunga lilisimama getini likipanda kwenda mjini. Dereva wake, Jean-de-Dieu, alikuwa mtu wa Sange, jirani wa mama yake Valérie.

"Papa Chef, umuambie Valérie mama hakule tena tangu juzi. Iko anamuita tu. Mi nashuka Posho asubuhi, lakini kesho kuna convoi inashuka, wapande ile. Wasiningoje."

Posho ndiyo Jumamosi kwetu, na convoi ni msafara wa magari. Alipoondoka nikaingia ndani, nikashika mkono wa simu. Juu kwenye milima ya magharibi mbingu ilikuwa nyeusi. Nilijua mto utakuja na nini usiku ule. Na nilikuwa nimeona, siku hiyo hiyo asubuhi, nilipokwenda kambini kilimani kuomba hati ya kupita, kamba nyeusi nene imefungwa kati ya miti miwili, nguo za askari zimeanikwa juu yake. Niliijua kamba ile. Mita ishirini, labda zaidi. Nikajiambia: kesho naileta, Ijumaa tunaunga, na Jumamosi wanashuka na Jean-de-Dieu. Siku mbili tu. Mgonjwa anangoja siku mbili.

Saa tisa simu ililia. "Mita mbili na nusu," akasema Valérie. Kisha: "Hakuna habari ya Sange?"

"Hakuna," nikasema.

Alhamisi nilipanda kambini na kamba mpya ya katani, mita thelathini. Mke wa askari mmoja alikuwa anaanika.

"Mama, tubadilishane. Chukua hii."

Alizitazama kamba mbili, akanitazama mimi. "Muzee, unaleta kamba mupya, unataka ya zamani? Nyumbani kuko mutu anakuchunga?"

Akawaita wenzake waje wamwone mzee asiye na mtu. Walicheka mpaka wakakaa chini. Wenyewe walinisaidia kuifungua. Nilipokuwa nashuka na kebo begani, nikasikia chini barabarani magari ya msafara yakipita kuelekea bondeni, moja baada ya lingine. Niliyahesabu. Yalikuwa kumi na moja.

Ijumaa Murhula alishuka kufuata bomba, akanikuta pale palipoungua. Alishika kebo, akaikagua hatua kwa hatua kwa kidole gumba, akainusa.

"Sabuni," akasema. "Câble yangu inanuka sabuni."

Alitoa mfukoni kile kitambaa chenye vichwa vya shaba. Tulifanya kazi kuanzia asubuhi hadi alasiri, yeye akichuna ngozi ya kebo kwa kisu taratibu kama anamenya kiazi cha mgonjwa, mimi nikishika. Viungo tulivifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Alinisimulia, akiwa ameinama hivyo, jinsi Valérie alivyojifunza kugusa mlango wa kabati na kusema lina homa, na kwamba mara mbili alikuwa sahihi. Sikuwahi kumsikia akiongea sana vile. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kila mara aliponyamaza.

Alipokifungua kizibo cha kabati la tatu, kijana wa turbini akapiga kelele kutoka chumbani: namba zimerudi. Tukakimbia wote. Kabati la nne lilikuwa linasema tena, kina cha maji, uwazi wa mlango, kila kitu kwa zamu yake. Murhula alivua kofia.

"Andika, Papa Chef. Câble A imerudi. Uandike pia haina ndugu."

Nikaandika. Kisha nikamwambia, bila kuinua macho kutoka kitabuni, kwamba kuna habari ya Sange, mama mkwe wake ni mgonjwa sana, imefika leo. Nilisema leo. Alikwenda kwenye simu akazungusha mkono kwa nguvu hata nikadhani ataung'oa. "Valérie, funga vitu. Kesho tunashuka. Hapana, habari imefika leo. Papa Chef ameniambia."

Mfano wa mtu yule sijauona tena. Nimeona vijana wenye vyeti kutoka vyuo, wanasoma kina cha maji kwenye simu ya mfukoni wakiwa kitandani Bukavu, na kule kwenye wavu majani yanaota. Nimeona kebo moja ya kioo, ya kupitisha mwanga, ikisifiwa kuliko zile mbili, na nilipouliza njia ya pili iko wapi, walinijibu kwamba hii haikatiki. Sikubishana.

Jumamosi asubuhi walikuwa getini mapema, godoro limefungwa, sufuria, watoto wamepakwa mafuta. Valérie alikuwa amevaa kitenge cha misa. Alinishukuru, kwa mikono miwili, kwa kumletea mumewe kebo. Nilipokea.

Lori la Jean-de-Dieu lilishuka saa mbili. Alipowaona alitoa kichwa dirishani, uso umejaa mshangao.

"Eh, Valérie! Mungali hapa? Mi nilijua mulishuka na convoi ya Alhamisi! Papa Chef nilimupa habari Jumatano, wakati nilikuwa napanda."

"Jumatano?" akauliza Valérie.

"Jumatano, saa munane. Hapa hapa, kwa hii mulango."

Murhula alikuwa ameshapanda juu ya lori, anafunga godoro. Mikono yake ikasimama. Valérie alinigeukia, akanitazama muda mrefu, si kwa hasira, kwa namna mtu anavyosoma ubao wa kina pale maji yanapokuwa na mawimbi na namba haitulii. Nilifungua kinywa. Nilitaka kusema hospitali, mvua, betri. Vyote vilikuwa kweli.

"Panda, Valérie," akasema Murhula.

Alimvuta kwa mkono, kisha nikamnyanyulia watoto mmoja mmoja, yeye akipokea. Tulikaribiana nyuso. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini, ile aliyotumia mbele ya kabati lililo wazi.

"Papa Chef, mama iko anaishi?"

"Sijui," nikasema, na hilo pia lilikuwa kweli.

Akatikisa kichwa, akaenda kuketi karibu na mkewe juu ya magunia matupu, migongo kwenye kibanda cha dereva, wakinielekea. Lori likaanza kushuka. Maombi aliinua mkono kunipungia, kama alivyofundishwa kuwafanyia wakubwa. Valérie akaushika mkono ule polepole, akaushusha, akaufunika na kitenge. Murhula alikuwa anatazama bomba la maji kando ya mlima, akiifuata kebo kwa macho, mpaka kona ikawachukua.